Insha ya Sayansi Iliyoiva

Ukikabidhiwa insha ya sayansi ya mwanafunzi wa kidato cha pili, ruka aya ya kwanza. Mara nyingi humo utakuta "maji ni uhai" na maana ya istilahi iliyonakiliwa daftarini. Tafuta mahali ambapo mwandishi amepima, ameonja au ameuliza mwenyewe. Pasipokuwapo, hata mwandiko mzuri hauiokoi.

Tuchukue Kintinku, wilayani Manyoni, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, ambako maji ya chumvi visimani si habari ngeni. Mwandishi mchanga ataandika: "Maji yana madini mbalimbali." Kweli, lakini msomaji hajaongezewa kitu. Aliyeiva ataanza na Mto Bubu unaoishia kwenye kinamasi cha Bahi, akieleza kwamba kinamasi hicho hakina njia ya kumwaga maji baharini. Jua likiwaka maji hugeuka mvuke, ila chumvi yake hubaki chini, msimu baada ya msimu. Kisha atasema alichofanya: amechemsha lita moja ya maji ya kisima mpaka ikakauka, akafanya hivyo hivyo kwa maji ya mvua, akalinganisha ukoko uliobaki sufuriani. Bibi yake anaweza kulirudia jaribio hilo jikoni kwake. Hapo ndipo alama nyingi zinapostahili kwenda.

Tarakimu nazo zina mtego. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Ikiachwa hivyo, mkulima wa mpunga afanye nayo nini? Insha nzuri itamwambia kwamba floraidi haionjeki, kwamba ikizidi hutia madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na kwamba kuchemsha hakuiondoi: maji yakipungua, yenyewe hubaki na kukolea.

Lugha ndiyo inayoumbua. Sekondari zetu za serikali hufundisha sayansi kwa Kiingereza, hivyo kijana anaweza kukariri ukurasa mzima na akafaulu bila kuelewa. Mwambie amwandikie mama yake kwa Kiswahili. Palipokaririwa patajitokeza penyewe. Akikosa istilahi, msamehe. Akiitumia kufichia asichokielewa, mkate alama bila huruma.

Ukitaka kielelezo, kipo hapa hapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, aliingiza maziwa ya moto kwenye jokofu, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walichapisha makala katika jarida la Physics Education. Sehemu ya Mpemba ni masimulizi mepesi: alichofanya, alichokiona, waliomcheka. Sijaona mwanzo bora zaidi wa somo hili. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu tukio hilo, na wapo waliopima upya wasilione. Kijana atakayeandika kwamba "limethibitishwa" hajaiva, hata kama anamsifu Mtanzania mwenzake.

Mwalimu, kabla ya kushika kalamu nyekundu, mpe insha hiyo mtu asiyesoma sayansi. Akimaliza na kuuliza "na kisima chetu je?", imefaulu. Akisema tu kwamba mtoto ana akili, irudishe ikaandikwe upya.