Mawasiliano au Upashaji? Nafasi ya Lugha katika Somo la Vyombo vya Habari

Tangu Shule ya Uandishi wa Habari ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, somo la mawasiliano na vyombo vya habari limeenea katika vyuo vikuu vyetu, nalo hujivunia kuwa somo la mseto. Hukopa nadharia kwa wanajamii, wanasiasa, wanasaikolojia na wanauchumi, na kukopa huko si aibu, kwani hakuna taaluma moja iwezayo peke yake kueleza jinsi habari inavyosafiri na kuathiri watu. Nia ya makala haya ni kuuliza jambo moja tu: katika mseto huo, lugha imewekwa wapi? Maoni yetu ni kwamba imehesabiwa kuwa chungu cha kupikia, ilhali ilistahili kuwa miongoni mwa nafaka zenyewe.

Kasoro hii ina asili yake. Wilbur Schramm, ambaye alifanya kazi kubwa ya kulijenga somo hili katika vyuo vikuu vya Marekani, aliwataja wataalamu wanne kuwa waasisi wake: Harold Lasswell, mtaalamu wa siasa, Paul Lazarsfeld, mwanajamii, Kurt Lewin na Carl Hovland, wanasaikolojia. Katika wanne hao hamna hata mmoja ambaye taaluma yake ilikuwa lugha. Somo lilizaliwa likiwa la mseto, lakini upungufu huo ulizaliwa nalo.

Matokeo yake yanaonekana katika kanuni ya Lasswell ya mwaka 1948, ambayo wanafunzi wengi wa somo hili huipata mapema. Kanuni hiyo humtaka mchunguzi aulize msemaji ni nani, asema nini, kwa njia ipi, amwambia nani, na kwa matokeo gani. Maswali ni matano; la sita, yaani asema kwa lugha gani, halimo. Huenda katika nchi ambamo lugha moja imetawala magazeti na redio swali hilo lilionekana la ziada. Kwetu sisi haliwezi kuwa la ziada. Habari yaweza kuandikwa kwa Kiingereza, ikasomwa redioni kwa Kiswahili, kisha ikajadiliwa nyumbani kwa Kikamba au Kijaluo. Katika kila hatua kuna mtu anayechagua maneno, na kila uchaguzi ni uamuzi.

Yawezekana msomaji akatujibu kwamba Lasswell hakuipuuza lugha, kwa kuwa mwaka 1949 yeye na Nathan Leites walitoa kitabu kizima juu ya lugha ya siasa. Jibu hilo ni la haki, lakini halitoshi. Njia kuu waliyoitetea ilikuwa ya kuhesabu: maneno na alama fulani hujitokeza mara ngapi katika matini. Sasa na tutazame sentensi tatu ambazo zaweza kuandikwa juu ya tukio moja: *Askari wamebomoa nyumba*, *Nyumba zimebomolewa*, *Nyumba zimebomoka*. Anayehesabu mashina atapata shina lile lile mara tatu. Msomaji wa Kiswahili atapata habari tatu. Katika ya kwanza mtenda yupo. Katika ya pili amefichwa, lakini kiambishi cha kutendwa chakiri kwamba yupo. Katika ya tatu, iliyo katika kauli ya kutendeka, mtenda ameondolewa kabisa, kana kwamba nyumba zilianguka zenyewe. Ndivyo ilivyo pia kati ya fedha za umma *zilizoibwa* na zile *zilizopotea*. Mhariri anayeteua kiambishi ameteua nani alaumiwe. Mwanafunzi ambaye hakufundishwa kuyaona haya aweza kupima ukurasa mzima wa gazeti, asigundue pale ukweli ulipofunikwa.

Lugha yetu, zaidi ya kuwa kitu cha kuchunguzwa, ina nadharia yake. *Kupasha* habari ni kauli ya kutendesha ya *kupata*: mmoja anacho, mwingine anapatishwa. *Kuwasiliana* kuna kiambishi cha kutendana, nacho chadai pande mbili. Kanuni ya Lasswell, ikipimwa kwa kipimo hiki, ni kanuni ya upashaji. Bado haijafika kwenye mawasiliano. Na tofauti hiyo si ya kamusi tu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, alitunga mashairi juu ya mgogoro wa Wamazrui na Seyyid Said. Katika desturi ya kujibizana, shairi lilitoka likitazamia jibu, na asiyejibu alionekana ameshindwa. Hicho kilikuwa chombo cha habari chenye masikio, na mtaala unaoanza historia ya mawasiliano na mtambo wa kupigia chapa hauna mahali pa kukiweka.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hiyo haitoshi tena mwanafunzi wa habari kupewa kozi ya kusahihisha tahajia na matamshi. Tunapendekeza kila mwanafunzi wa shahada hii achukue taarifa ya habari ya siku moja, katika Kiswahili na Kiingereza, aichambue kauli kwa kauli, na kazi yake isahihishwe na idara mbili kwa pamoja. Idara za lugha nazo hazina budi kulipa gazeti la leo uchambuzi ule ule makini zinaoupa utenzi wa kale. Mchele na choroko vikipikwa mbalimbali na kukutana sahanini tu, huo haujawa mseto.