Kuvaa na kuvishwa: kuisoma Persepolis kwa Kiswahili

Kitenzi kimoja cha lugha yetu chaweza kutusaidia kukielewa kitabu kilichoandikwa kwa Kifaransa na mwanamke wa Irani. Kitenzi hicho ni kuvaa. Mtu huvaa, lakini pia huvishwa. Huvua, lakini pia huvuliwa. Nguo ni ile ile. Kinachobadilika ni mwenye kuamua. Persepolis, hadithi ya picha ya Marjane Satrapi iliyotolewa mjini Paris katika juzuu nne kati ya 2000 na 2003, kwa maoni yetu imesimama juu ya tofauti hiyo.

Tukumbuke kwanza historia. Mwaka 1936 Reza Shah aliwaamuru wanawake wa Irani waache hijabu, na polisi wakawavua njiani kwa nguvu. Mwaka 1979 ufalme ulianguka, na tarehe 8 Machi ya mwaka huo maelfu ya wanawake waliandamana Tehran kukataa kulazimishwa kujifunika. Hawakusikilizwa. Mwaka 1983 sheria iliweka adhabu ya viboko hadi 74 kwa atakayeonekana hadharani bila hijabu. Mtawala mmoja aliwavua, mwingine akawavisha. Wote wawili hawakuwauliza.

Satrapi, aliyezaliwa Rasht mwaka 1969, anaanza na mwaka 1980. Msichana wa miaka 10 anatuonyesha picha ya darasa: wenzake wanne wamekaa wamefunikwa vichwa, naye yuko pembeni kabisa, picha imemkata. Katika uwanja wa shule watoto hawajui wakifanyieni kile kitambaa. Mmoja anakigeuza kamba ya kuruka, mwingine hatamu za farasi. Mwandishi hahubiri. Anaonyesha tu kwamba amri ilikuja kabla ya maana yake, na watoto wakajitafutia maana ya kwao katika mchezo. Hapo ndipo upinzani unapozaliwa katika kitabu hiki.

Baadaye msichana huyo, akiwa mwanafunzi wa sanaa chuoni, anakaa mbele ya mwanamke aliyefunikwa chadori ambaye wanafunzi wanatakiwa kumchora: kila upande wanaomtazamia, mwili hauonekani. Anasimama katika mkutano na kueleza kwamba mchoraji anahitaji mavazi yanayouacha mkono uende. Anaitwa kwa wakubwa; badala ya kufukuzwa, anaagizwa achore sare itakayofaa. Ushindi ni wa sentimita chache za kitambaa. Wako watakaosema ni mdogo. Sisi twasema mwandishi ameupima vema utawala wa aina hii: mahali ambapo kila sentimita ina sheria, kila sentimita ni siasa.

Lakini ukurasa ulio mzito kuliko yote ni mwingine. Msichana amepaka rangi midomoni, na walinzi wa mapinduzi wanakaribia. Ili wasimtazame yeye, anamsingizia mwanamume asiyemjua kwamba amemtamkia maneno machafu. Mtu huyo anachukuliwa. Msichana anasimulia kisa hicho kama kichekesho, hadi bibi yake anapomfokea na kumkumbusha jamaa zao waliofungwa kwa kushika msimamo wao. Wahakiki wengi huisifu Persepolis kwa sababu inaushitaki utawala. Sisi twaisifu zaidi kwa sababu mwandishi anajishitaki mwenyewe. Anatufundisha kwamba udhalimu haukomi kwenye kumvisha mtu nguo. Humvisha pia tabia. Aliyeonewa asubuhi aweza kumwonea mwenziwe jioni, kwa hofu tu.

Hata hivyo kitabu kina upungufu, nao haufai kufichwa. Msimulizi ni wa ukoo mkubwa na wa nyumba yenye watumishi. Mama mtumishi analia kwa kuwa mwanawe amepewa shuleni ufunguo wa plastiki uliopakwa rangi ya dhahabu, eti ndio wa kumfungulia pepo akifa vitani. Tunayaona machozi yake. Maneno yake ni machache, kisha hadithi inarudi kwa wenye nyumba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanamke maskini wa Irani, ambaye pengine aliipenda hijabu yake na kuichukia vita, hajapata kalamu hapa.

Je, mambo haya yanatuhusu sisi wa Kongo? Yanatuhusu. Wenye umri wanakumbuka siasa ya Uhalisi ya Mobutu katika miaka ya 1970, iliyowakataza wanawake suruali, sketi fupi na nywele za bandia. Sababu iliyotolewa haikuwa dini bali asili ya mababu. Kitenzi kilikuwa kile kile, kuvishwa. Hata namna ya kusimulia si ngeni kwetu: Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliisimulia historia ya nchi kwa picha na maneno mafupi zamani kabla ya Satrapi.

Tarehe 16 Septemba 2022 Mahsa Amini, msichana wa Kikurdi mwenye miaka 22, alifariki Tehran baada ya kukamatwa na polisi wa maadili. Wananchi waliingia barabarani na maneno matatu yaliyotoka katika Kikurdi: Jin, jiyan, azadî. Mwaka 2023 Satrapi aliongoza kitabu cha picha cha waandishi wengi chenye jina hilo kwa Kifaransa. Tukiyatafsiri, wengi watasema “Mwanamke, Maisha, Uhuru”. Twapendekeza “Mwanamke, Uhai, Uhuru”. Maisha yaweza kuwa magumu, yakavumiliwa, yakaendelea. Uhai ukiondolewa haurudi, na huo ndio alionyang'anywa msichana yule. Mfasiri asichague neno jepesi mahali ambapo wenye lugha yao wamelipia neno zito.