Kisahani Kinachosikia Ubao

Jamani, hiki kidude ni balaa! Kisahani cha shaba ya manjano, upana milimita 27, katikati kina utando wa kauri nyeupe na nyaya mbili zinaning'inia. Mnakijua: ndicho kinacholia piii ndani ya saa ya kengele. Mafundi redio wanacho tele kwenye debe la vyuma chakavu. Sasa acha kukipa umeme kilie. Kigandishe kwenye mbao, kiunge na amplifaya, halafu uniambie.

Mimi nimekigandisha kwenye inanga, ala ya nyuzi ya ubao, hapa Bugarama, Rwanda, pembeni mwa barabara. Maikrofoni ya kawaida hapa ni mateso: malori ya kiwanda cha saruji cha CIMERWA, mashine ya kukoboa mpunga, pikipiki, yote inayameza. Kisahani hakina habari na hewa. Mzee mwenye inanga alipogusa uzi wa kwanza nilipiga ukelele! Sauti nzito, ya karibu, hadi mkwaruzo wa ukucha unausikia. Lori likapita na kwenye spika halikuingia. Goti la mzee lilipogonga ubao, naam, hilo liliingia lote.

Bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa ilivumisha likembe zake kwa maikrofoni ilizojiundia kwa sumaku za magari chakavu. Safi, lakini sumaku inataka chuma, na likembe ina vijiti vya chuma. Inanga ya mshipa wa ng'ombe au nailoni haina. Kisahani chetu, kiitwacho piezo, hakijali. Chenyewe kinataka mtikisiko tu, kwa sababu kauri ikipindwa hutoa umeme. Tabia hiyo ndugu Jacques na Pierre Curie waliionyesha kwenye fuwele mwaka 1880. Ndiyo ileile inayotoa cheche kwenye kiberiti cha gesi cha kubofya.

Kasoro? Zipo. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kawaida, besi inatoweka na sauti inabaki ya bati. Kinataka mlango wa megaomu 1 au zaidi, kwa hiyo tengeneza kikuza-sauti kidogo cha transista moja ya FET. Kwenye kulehemu gusa na uondoe haraka, joto likizidi kauri inakufa. Na kwa jua la Bugarama, tepu ya pande mbili inateleza. Tumia gundi ya kweli.

Wanaoota kupima matetemeko, kama lile la Februari 3, 2008 lililotikisa Cyangugu na Bukavu, wapoe: mtikisiko wa polepole kinaupoteza. Lakini kibandike kwenye mashine ya mpunga, uvae hedfoni, usikilize beringi inavyokwaruza kabla haijavunjika. Ukikiunga na bodi ya Arduino, weka rezista ya megaomu 1 sambamba nacho, maana kukigonga kwa kidole tu kunaweza kurusha volti za kuua bodi. Nikimaliza hapa nakwenda kukibandika kwenye ngoma.