Kezilahabi Hakuwa Mkata Tamaa

Euphrase Kezilahabi tumembandika jina moja tangu darasani na halijabanduka hadi leo: mkata tamaa. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu *Kichwamaji* atakwambia "udhanaishi" kabla hajafungua ukurasa wa pili. Mwalimu naye anaridhika, anaweka vema, basi. Nadhani jina hilo linatusaidia kukwepa swali gumu zaidi: huyu mtu alipataje kuandika alivyoandika, mwaka aliouandika, huku akila mshahara wa chuo cha serikali?

Tukianza na *Gamba la Nyoka*, ambayo kwangu ndiyo riwaya yake bora, ilitoka mwaka 1979. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kati ya hapo na 1976 mamilioni ya watu walihamishwa. Huku Binza, upande wa Bariadi, enzi hizo tukiwa bado mkoa wa Shinyanga, wazee hawahitaji mhadhiri wa kuwaeleza Operesheni Vijiji ilikuwa nini. Msukuma alikuwa anajenga mbali na jirani kwa sababu ana ng'ombe wa kuchunga na mashamba ya kulima, wala si kwa sababu ni mkaidi. Halafu anakuja mtu na orodha, anamwambia ahamie penye mstari.

Vijiji vya Kisole na Bucho katika riwaya ile vinapitia hayo hayo. Kezilahabi hakutunga mashitaka, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Anawacheka maofisa, anawacheka wanakijiji wanaomeza kila uvumi, anawacheka na wasomi Mambosasa na Mamboleo waliorudi na vitabu vichwani. Hakuna anayetoka msafi. Ujamaa wenyewe hakuutukana. Aliuliza tu kama nyoka akijivua gamba anakuwa mnyama mwingine. (Mwaka 2011 chama tawala kilipokuja na kaulimbiu ya "kujivua gamba" nilicheka peke yangu. Aliyeichagua ama hakuisoma riwaya hii, ama aliisoma vizuri kupita kiasi.)

Udhaifu upo. Wasomi wake wawili mara nyingine wanazungumza kama wako kwenye semina pale Mlimani, na unatamani mzee mmoja wa kijiji awakatize. Lakini mkata tamaa hajisumbui kuandika hivi. Mtu aliyekata tamaa na nchi yake hawezi kuisikiliza kwa makini namna hiyo.

Kwenye ushairi, *Kichomi* ilipotoka mwaka 1974 bila vina wala mizani, waliomkasirikia walikuwa na hoja zaidi ya tunavyowakubalia leo. Walisema huu ni Uzungu. Jibu la kawaida la wasomi limekuwa kwamba wanamapokeo walikuwa wahafidhina, na shairi huru ni fikra huru. Mimi silikubali hata kidogo. Abdilatif Abdalla aliandika *Sauti ya Dhiki* akiwa kifungoni Kenya, alikotupwa kwa kuihoji serikali ya Kenyatta, na mashairi yake yamefungwa vina na mizani kisawasawa. Bahari ya zamani, kichwa chake mwenyewe. Kwa upande mwingine, baada ya Azimio la Arusha la 1967 vina hivyo hivyo vilitumika kwenye ngonjera za kueneza siasa ya chama. Kwa hiyo vina havina hatia wala sifa. Kinachopimwa ni anayetunga anamsikiliza nani.

Hilo la Uzungu nalo, ukilitazama kutoka huku, linachekesha kidogo. Ushairi wa Kiswahili ulipewa kipimo cha pwani: Lamu, Mombasa, Tanga. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Watu wa kanda hii ya ziwa walikuwa na nyimbo zao zisizohesabu mizani kwa kipimo cha pwani muda mrefu kabla ya chuo kikuu chochote. Sisemi *Kichomi* ni ngoma ya Kikerewe, maana wasomi wa Kizungu alikuwa amewasoma, hilo halifichiki. Nasema tu kwamba mtoto wa ziwa kuambiwa shairi lisilo na vina ni la kigeni, ni kama kuambiwa ugali wa mtama umetoka Ulaya.

Huku kwetu tuna mamanju wa Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno kila upande unaficha nyimbo zake mpya hadi siku ya mashindano, na atakayewavuta watazamaji wengi upande wake ndiye mshindi. Manju anamsema mpinzani, anausema uvivu, na akiwa na moyo anamsema na kiongozi aliyekaa pale kwenye kiti cha plastiki. Ila kampeni zikianza unamkuta manju yuleyule amevalishwa fulana ya mgombea, anaimba jina lililoandikwa kifuani. Simlaumu haraka, ana watoto wa kulisha. Hata hivyo umati unajua tofauti. Wimbo wa fulana unachezwa siku hiyo, ule wa mashindano unaimbwa mashambani miaka mingi baadaye.

Kezilahabi naye alikuwa na kiti cha plastiki mbele yake. *Rosa Mistika* ya 1971 iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kuwa kitabu cha kiada. Tamthilia yake *Kaptula la Marx*, ambamo rais anavaa kaptula ya Marx isiyomtosha na kuanza safari ya kuitafuta nchi ya Usawa, aliiandika miaka ya sabini mwishoni. Ilichapishwa 1999. Nchi ilikuwa na vyama vingi tayari, Mwalimu alifariki mwaka huohuo, na mwandishi mwenyewe alikuwa anafundisha Botswana. Kwa hiyo tulicheka tukiwa salama, miaka ishirini baada ya kaptula kubana. Mtu anayeandika akijua kwamba huenda asione maandishi yake yakitoka, na bado anaandika, sijui tunamwitaje. Walimu wenye jina zuri zaidi ya lile la darasani waniandikie hapo chini.