Kigezo, Parameta na Modeli: Uhakiki wa Istilahi za Uigizaji wa Saketi

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobebeshwa mzigo mzito katika tafsiri za sayansi na ufundi, neno kigezo limo katika mstari wa mbele. Makala haya yanakusudia kulichunguza mahali ambapo udhaifu wake hudhihirika zaidi, yaani katika maelezo ya kuigiza saketi za transista kwa programu ya kompyuta.

Yafaa kwanza tuieleze kazi yenyewe. Transista ilibuniwa mwaka 1947 katika Maabara za Bell, Marekani. Mhandisi anayeiweka katika saketi hupenda kujua mapema saketi hiyo itafanyaje kazi. Kwa haja hiyo, mwaka 1973 ilitolewa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, programu iitwayo SPICE, iliyotungwa na Laurence Nagel chini ya usimamizi wa Profesa Donald Pederson. Programu nyingi za namna hiyo zitumikazo leo zimetokana nayo. Programu haiioni transista wala haiigusi. Inayo milinganyo inayoeleza tabia ya transista kwa jumla, nayo hupewa orodha ya namba zinazotofautisha transista ya aina moja na ya aina nyingine. Kisha hukokotoa mikondo na volteji za saketi nzima.

Sasa na tuitazame sentensi ambayo mfasiri aliyezoea kigezo anaweza kuiandika bila ya kusita: “Ingiza vigezo vya transista katika kigezo chake, uigize saketi, kisha utazame kama vigezo vimetimia.” Sarufi yake haina kasoro, lakini maana imepotea. Vigezo vya kwanza ni namba zinazotolewa kwa programu. Kigezo cha pili ni ile milinganyo. Vigezo vya mwisho ni masharti ambayo saketi haina budi kuyatimiza ili ikubaliwe. Mambo matatu yamevishwa kanzu moja, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa mshika mbili moja humponyoka. Sembuse mshika tatu.

Hasara yake si ya maneno matupu. Tuchukue transista ya 2N3904. Karatasi za maelezo za watengenezaji husema kwamba, mkondo wa kolekta ukiwa miliampea 10, ukuzaji wa mkondo huwa kati ya 100 na 300. Lakini katika orodha moja iliyoenea sana ya namba za kuigizia transista hiyohiyo, ukuzaji umeandikwa 416.4. Mwanafunzi akikuta namba zote hizi zinaitwa “kigezo cha ukuzaji”, atadhani kwamba mmojawapo wa waandishi amekosea. Kumbe hakuna aliyekosea. Namba 100 na 300 ni mipaka ambayo mtengenezaji ameahidi kutoivuka. Namba 416.4 ni ukuzaji wa kinadharia, kabla ya kutoa upungufu unaotokea mkondo unapokuwa mdogo mno au mkubwa mno. Upungufu huo huelezwa na namba nyingine za orodha ileile, na programu huupigia hesabu yenyewe. Tena, SPICE isipopewa namba hiyo huweka 100 na kuendelea na kazi bila ya kulalamika. Basi mwanafunzi asiyetofautisha kilichotolewa, kilichokokotolewa na kilichoahidiwa aweza kupata jibu safi la transista isiyokuwapo duniani.

Ofisini nako hatari ipo. Kwa mtumishi wa serikali, kigezo ni sharti la kukubali au kukataa. Ndiyo maana tunasema vigezo vya zabuni. Hati ya ununuzi ikitaja “vigezo vya transista” pasipo ufafanuzi, muuzaji amefungwa na nini?

Kwa hiyo tunapendekeza kigezo kibaki na kazi yake ya asili, yaani kitu cha kulinganishia na kuamulia. Zile namba ziitwe parameta. Wapo watakaopinga kwamba kukopa kumekuja mapema mno, kwa kuwa utaratibu wetu unatutaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu na nyingine za Afrika, ndipo tuziendee lugha za kigeni. Hoja hiyo ina uzito. Lakini utaratibu huo hutuonyesha mahali pa kuanzia kutafuta. Hautuamuru kulitwaa neno ambalo tayari lina kazi nyingine katika uwanja uleule.

Milinganyo nayo iitwe modeli. Neno kielelezo lingependeza, ila katika vitabu vya ufundi aghalabu hutaja mchoro, na mfano umekwisha kuwa wa mwalimu ubaoni. Kipimo kiachiwe kile kilichosomwa kwenye chombo; kinachotoka katika programu ni matokeo.

Ama kuhusu uigizaji, baadhi watasema ni neno la jukwaani. Ni kweli, lakini jukwaa na maabara haviko mbali bure: hakuna atakayechanganya saketi na tamthilia. Neno laweza kuwa na maana mbili katika nyanja mbili. Lisiwe na maana tatu katika sentensi moja. Zaidi ya hayo, neno hili lina mafunzo ndani yake. Aigizaye mfalme si mfalme, na saketi iliyoigizwa bado haijajengwa wala kupimwa.

Sentensi yetu sasa yaweza kusomeka hivi: “Ingiza parameta za transista katika modeli yake, uigize saketi, kisha utazame kama matokeo yanatimiza vigezo.” Haikurefuka sana, na kila neno limekaa mahali pake. Tunawaomba walimu na wafasiri waijaribu katika kazi zao kabla ya kigezo hakijazoeleka katika maana zote tatu.