Muuguzi Kijana na Mizani ya Kimwinyi

Binti wa miaka 23 anapopangiwa zahanati ya kijiji kuwa muuguzi mkunga, hupokewa kwa maswali matatu. Ana umri gani? Ameolewa? Amezaa? Akisema hajazaa, utasikia: "Uchungu haujui, atamzalisha nani?" Kijana wa kiume aliyehitimu naye huitwa "daktari" tangu siku ya kwanza, binti hubaki "sista". Sisi tunasema huu si utani. Ni fikra zinazopima kazi kwa hali ya mtu badala ya ujuzi wake.

Fikra hizi zina historia. Florence Nightingale alipoanzisha shule yake katika Hospitali ya St Thomas', London, mwaka 1860, uuguzi ulipata elimu na nidhamu. Hiyo ilikuwa hatua ya maendeleo. Lakini ulifanywa kazi ya wanawake, na kwa miaka mingi hospitali nyingi za Uingereza zilimtaka muuguzi aache kazi akiolewa. Jina "sista" tulilirithi kutoka hospitali za mkoloni na za misheni. Mila zetu nazo zilitufundisha kwamba mkunga ni bibi aliyekwisha kuzaa. Hivyo binti mmoja amebanwa pande mbili: urithi wa kikoloni ulimtaka asiolewe, na umwinyi haumwamini kwa kuwa hajaolewa.

Wapo watakaosema kwamba tunawadharau wazee. La hasha. Uzoefu wa mkunga wa jadi unastahili heshima. Lakini kuzaa ni jambo moja, na ujuzi wa kuzalisha ni jambo jingine. Mzazi anayetokwa na damu nyingi huokolewa na mikono iliyofundishwa, wala haiokoi roho yake pete ya ndoa.

Sheria imekwisha kulitambua hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa jinsia, umri, ujauzito na hali ya ndoa. Inatoa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo bila kudai cheti cha ndoa. Lakini sheria haipangi zamu. Wanaopanga zamu ni watu. Asiye na mume hurundikiwa zamu za usiku na za sikukuu, eti hana familia, ingawa huenda analea wadogo zake na mama mzazi. Mwenye mume na mtoto mchanga naye huitwa mvivu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba wanawake ni asilimia 70 ya wafanyakazi wa afya duniani, lakini hushika robo tu ya nafasi za juu za uongozi.

Hapa makada tujikosoe. Ni mara ngapi tumekaa kwenye mkutano wa kijiji, muuguzi akadhihakiwa, nasi tukacheka? Tunahubiri usawa wa binadamu jukwaani, kisha tunauacha mlangoni pa zahanati. Kazi ya kada ni kuwaeleza wananchi, kudai nyumba ya mtumishi iliyo salama, na kuhakikisha zamu zinagawanywa kwa haki. Swali halali kwa muuguzi ni moja tu: je, anaijua kazi yake?