Mionzi ya nje, kisha ya ndani: walivyofanya British Columbia

Tezi dume imebanwa kati ya kibofu na puru, nayo husogea kadiri viungo hivyo vinavyojaa na kupungua. Mashine ya mionzi iliyo nje ya mwili ikiongezewa kipimo ili kuua saratani yote, majirani hao nao huumia. Njia mojawapo ya kukwepa tatizo hilo ni kumalizia tiba kwa mionzi inayotokea ndani ya tezi yenyewe. Kuunganisha hizo mbili si jambo geni kwetu. Ndivyo saratani ya mlango wa kizazi inavyotibiwa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam.

Kwa tezi dume, jaribio ninaloliamini zaidi ni ASCENDE-RT la British Columbia, Kanada. Kati ya 2002 na 2011 liliandikisha wanaume 398, wengi wao wakiwa na saratani ya hatari kubwa ambayo haijasambaa mwilini. Ulinganisho wake ni safi. Wote walipewa dawa za kuzuia homoni za kiume kwa miezi 12, na wote walipigwa mionzi ya nje kwenye nyonga, grei 46 (grei ni kizio cha kipimo cha mionzi) kwa vipindi 23. Njia ziliachana mwishoni tu: kundi moja likaendelea na mionzi ya nje hadi grei 78, jingine likapandikizwa ndani ya tezi vyanzo vidogo vya mionzi vya iodini-125.

Katika upandikizaji, mgonjwa hulala chali, miguu juu, akiwa amepewa ganzi ya mgongo au nusu kaputi. Kifaa cha ultrasaundi huingizwa kwenye puru ili tezi ionekane kwenye skrini. Sindano nyembamba hupenya msamba kupitia matundu ya kibao kilichopimwa, na kila moja huacha ndani ya tezi vyombo vya titani vidogo kama punje za mchele, vyenye iodini hiyo. Havitolewi tena. Mionzi ya iodini-125 haifiki mbali: sentimita mbili hivi za nyama huipunguza nusu, na kila baada ya siku 59 chanzo chenyewe hubaki na nusu ya nguvu. Kwa hiyo tezi ilipangiwa grei 115 juu ya zile 46. Hesabu hizo zisijumlishwe hivi hivi, kwa sababu kipimo kinachotoka polepole kwa miezi hakifanyi kazi sawa na kile cha dakika chache.

Katika mwaka wa 9, makadirio yalionyesha kuwa asilimia 83 ya waliopandikizwa walikuwa hawajapandisha tena PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, dhidi ya 62 ya wenzao. Pengo hilo ni kubwa mno kupuuzwa, ingawa idadi ya waliobaki hai haikutofautiana kwa uwazi. PSA ikipanda tena, mara nyingi mgonjwa hurudishwa kwenye dawa za kuzuia homoni, zinazodhoofisha mifupa na kumwondolea nguvu. Kumwepusha na hayo ni faida halisi.

Lakini mrija wa mkojo hupita katikati ya tezi, hauna pa kukimbilia. Kufikia mwaka wa 5, matatizo makubwa ya mkojo yaliwapata asilimia 18 hivi ya waliopandikizwa, dhidi ya 5 ya wenzao. Mojawapo kuu lilikuwa kusinyaa kwa mrija. Mwanaume anayekojoa kwa shida tangu mwanzo apimwe kasi ya mkojo na aelezwe takwimu hizi zote, za faida na za madhara, kabla ya kutia saini.